Kupunguza gharama za kununua na kuuza hisa zenye bei isiyotulia: mwongozo kwa mwekezaji wa Tanga

Mkazi wa Tanga anayetaka hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) halazimiki tena kupanda basi kilomita zaidi ya 300 kwenda kumwona dalali. Oda inaingizwa kwa simu kupitia Hisa Kiganjani, mfumo wa DSE wa kununua na kuuza hisa kwa simu, malipo yanakwenda kwa simu au benki, na mtu wa Chumbageni anaona bei sawa na aliyekaa katikati ya Dar. Nauli imeondoka. Kilichobaki ni gharama ambazo wengi hawazihesabu, na zinauma zaidi kwenye hisa ambazo bei yake hupanda na kushuka kwa kishindo, kwa sababu hizo ndizo zinazomshawishi mtu kuingia na kutoka kila wiki.

Gharama ziko za aina tatu. Ya kwanza ni makato yaliyoandikwa kwenye hati ya muamala anayokutumia dalali. Ya pili ni pengo kati ya bei ya wanunuzi na bei ya wauzaji. Ya tatu ni bei unayoisogeza wewe mwenyewe kwa oda kubwa au ya pupa. Watu hubishana na dalali kuhusu ile ya kwanza tu, kumbe kwa hisa isiyotulia hizo mbili nyingine zinaweza kuipita.

Anza na hati ya muamala

Viwango vilivyozoeleka kwa hisa za DSE ni hivi. Kamisheni ya dalali ni asilimia 1.7 kwa shilingi milioni 10 za kwanza, asilimia 1.5 kwa milioni 40 zinazofuata, na asilimia 0.8 kwa kinachozidi milioni 50. Juu yake kuna ada ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA) asilimia 0.14, ya DSE asilimia 0.14, ya hifadhi ya dhamana asilimia 0.06 na ya mfuko wa fidia asilimia 0.02. Kamisheni ya dalali inabeba VAT ya asilimia 18. Shika hati yako ya mwisho, weka kikokotoo pembeni, uhakiki kila mstari. Ukiona namba isiyolingana na hizi, muulize dalali ikiwa bado mbichi.

Tuseme umenunua hisa za shilingi 1,000,000. Kamisheni ni 17,000, VAT yake 3,060, CMSA 1,400, DSE 1,400, hifadhi 600, mfuko wa fidia 200. Jumla 23,660. Siku ya kuuza unakatwa tena kwa mtindo huohuo. Kwa hiyo ukinunua na kuuza kwa bei ileile, umeacha shilingi 47,320 njiani, sawa na asilimia 4.73 ya fedha yako.

Ili urudishe mtaji tu, bila faida hata ya shilingi moja, bei inatakiwa ipande asilimia 4.85. Hisa uliyoinunua kwa 1,000 haijakulipa chochote mpaka ifike karibu 1,050. Mtu anayeona hisa imepanda kutoka 1,000 hadi 1,030 akauza kwa furaha, ameuza kwa hasara. Kosa hili ndilo la kawaida kuliko yote, na linatokea kwa sababu skrini ya simu inaonyesha bei tu, haionyeshi makato.

Zidisha sasa kwa idadi ya mizunguko. Mwenye mtaji wa milioni 3 akiuzungusha wote mara sita kwa mwaka analipa makato ya takriban 851,760. Kwa kulinganisha na kitu cha hapahapa nyumbani: hatifungani ya kijani (hati ya kuikopesha taasisi fedha kwa riba) ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, iliyotolewa 2024 kwa muda wa miaka 10, inalipa riba ya asilimia 13.5, yaani shilingi 405,000 kwa mwaka kwa milioni 3. Mzungushaji huyo amelipa makato zaidi ya mara mbili ya fedha hiyo kabla hajajua kama alichagua hisa nzuri au mbaya.

Njia ya kwanza ya kupunguza gharama, basi, ni kupunguza mizunguko. Jiwekee kiwango: kama faida unayoitarajia kwa hesabu zako haifiki angalau mara mbili ya gharama ya kwenda na kurudi, usiingie. Kwa DSE hiyo maana yake ni kwamba safari ya bei ya chini ya asilimia 10 haistahili kufukuzwa na mwekezaji mdogo.

Pengo la bei, gharama isiyo na risiti

Fungua kitabu cha oda cha hisa yoyote. Upande mmoja wamo wanaotaka kununua na bei wanazotoa, upande wa pili wanaotaka kuuza na bei wanazodai. Tofauti kati ya mnunuzi wa juu kabisa na muuzaji wa chini kabisa ndiyo pengo. Ukinunua kwa bei ya muuzaji na kuuza kwa bei ya mnunuzi, pengo lote linatoka mfukoni mwako.

Kokotoa hivi: bei ya muuzaji toa bei ya mnunuzi, gawa kwa bei ya muuzaji, zidisha kwa 100. Muuzaji 1,500 na mnunuzi 1,480, pengo ni asilimia 1.3. Muuzaji 1,560 na mnunuzi 1,480, pengo ni asilimia 5.1, na hapo limeshapita makato yote ya kwenda na kurudi. Jumlisha hiyo 5.1 na 4.73 ya makato, utaona kwamba bei inabidi ipande karibu asilimia 10 ili utoke bila faida wala hasara.

Kuwa makini na hisa za bei ya chini. Bei husogea kwa hatua, haiwezi kupanda kwa senti. Hisa ya shilingi 150 ikiwa na hatua ya shilingi 5, pengo dogo kabisa linalowezekana ni zaidi ya asilimia 3, hata soko likiwa na watu tele. Watu huipenda kwa sababu wanapata hisa nyingi kwa fedha kidogo, lakini ndiyo ghali zaidi kuizungusha.

Pengo hutanuka soko linapotaharuki. Taarifa nzito inapotoka, wauzaji wanapandisha bei wanazodai au wanafuta oda zao, wanunuzi nao wanarudi nyuma kungoja, na katikati panabaki patupu. Kununua dakika ileile ya taharuki ni kulipa bei ya juu kwa haraka ambayo mara nyingi haina sababu. Ukiweza kungoja siku moja au mbili, pengo lenyewe litapungua.

Oda yenye bei yako, kila mara

Hapa ndipo pa kukaa kwa utulivu, maana fedha nyingi huokolewa au kupotea kwenye hatua hii moja.

Tazama kitabu hiki cha oda cha mfano. Wauzaji: hisa 200 kwa 1,500, hisa 500 kwa 1,540, hisa 2,000 kwa 1,600. Wanunuzi: hisa 300 kwa 1,480, hisa 1,200 kwa 1,460. Bei ya mwisho iliyouzwa ni 1,500, na ndiyo inayoonekana kwa maandishi makubwa. Wewe unataka hisa 1,000.

Ukiweka oda ya bei ya soko, yaani "nipe kwa bei yoyote iliyopo", mfumo utakuchukulia 200 kwa 1,500, kisha 500 kwa 1,540, kisha 300 kwa 1,600. Umelipa 1,550,000, wastani wa 1,550 kwa hisa. Ulidhani unanunua kwa 1,500, lakini umelipa 50,000 zaidi. Kamisheni ya dalali kwa muamala huo, kabla ya VAT, ni 26,350. Haraka yako imekugharimu karibu mara mbili ya dalali unayemlalamikia.

Kila anayekwenda soko la Mgandini analijua jambo hili bila kufundishwa. Ukisimama katikati ya soko ukatangaza kwamba unataka machungwa gunia kumi sasa hivi kwa bei yoyote, bei itapanda kabla hujamaliza sentensi. Mnunuzi mzoefu hutaja bei yake kwa muuzaji mmoja, akangoja, akaenda kwa mwingine.

Fanya hivi:

1. Kabla ya kugusa kitufe, andika kwenye daftari bei unayoiona na bei ya juu kabisa uliyo tayari kulipa. Hiyo ya pili ndiyo bei ya oda.

2. Soma kina cha soko. Jumlisha hisa zilizopo upande wa pili ndani ya bei yako. Kama ni chache kuliko unazotaka, oda yako haitajaa leo, na hilo si tatizo.

3. Weka oda yenye bei maalum. Kwa mfano wetu, weka hisa 1,000 kwa 1,500. Utapata 200 papo hapo. Zilizobaki 800 zitasimama juu ya foleni ya wanunuzi, na muuzaji mpya mwenye haja ya fedha atakutana na wewe kwanza.

4. Zisipojaa baada ya siku mbili au tatu, panda hatua moja, uende 1,510. Usiruke hadi 1,600.

Ukipata hisa 200 kwa 1,500 na 800 kwa 1,510, umelipa 1,508,000. Kulinganisha na 1,550,000, umebakiza 42,000, pamoja na makato kidogo yaliyopungua kwa sababu thamani ya muamala imeshuka.

Oda ya subira nayo ina gharama yake, tusifichane. Bei inaweza kukukimbia ukabaki huna hisa. Kama una sababu thabiti ya kuamini kwamba hisa itapanda asilimia 40, usiikose kwa kubishania shilingi 10. Lakini kama sababu yenyewe ni kwamba imepanda jana na juzi, ngoja.

Hatari ya pili ni oda iliyosahaulika. Oda yenye muda wa mwezi mzima inabaki sokoni hata hali ikibadilika. Hisa za Tanga Cement, kiwanda cha Pongwe chenye saruji ya Simba, ni mfano unaoeleweka hapa mjini. Oktoba 2021 ilitangazwa kwamba Scancem, kampuni ya kundi la Heidelberg, inataka kununua asilimia 68.33 ya hisa za kampuni. Mwaka 2022 Baraza la Ushindani likatengua kibali cha muungano, mwaka 2023 ununuzi ukakamilika, na mwaka 2024 hisa hizo zikahamia kwa kundi la Amsons. Kila hatua ilikuwa taarifa ya kuweza kugeuza thamani ya hisa kwa siku moja. Mwenye oda ya kununua iliyowekwa wiki tatu kabla ya taarifa mbaya hujikuta ameuziwa na wale walioisoma taarifa mapema. Kwenye hisa ya namna hiyo, ipe oda yako muda wa siku moja, uiweke upya kila asubuhi ukiwa umeshasoma matangazo ya DSE. Ni kazi ya dakika tano.

Soko linafunguka saa 4 asubuhi. Dakika za mwanzo bei huwa inatafuta mahali pa kukaa, hasa siku ya taarifa. Kama hukuingiza oda yako mapema, subiri nusu saa uone miamala kadhaa imepita kwanza.

Kugawa oda au kutogawa

Ushauri unaosikika sana ni kugawa oda kubwa vipande vidogo ili usisogeze bei. Ni ushauri mzuri, lakini kwa DSE una bei yake kwa sababu kamisheni ina ngazi.

Chukua ununuzi wa milioni 60. Ukihesabiwa kama oda moja, kamisheni ni 170,000 kwa milioni 10 za kwanza, 600,000 kwa milioni 40 zinazofuata na 80,000 kwa milioni 10 za mwisho, jumla 850,000. Ukiugawa siku sita, milioni 10 kila siku, kila siku unaanza upya ngazi ya juu: 170,000 mara sita ni 1,020,000. Tofauti, ukiongeza VAT, ni shilingi 200,600.

Muulize dalali kwa maandishi, kabla ya kuanza, kama ngazi itahesabiwa kwa oda yote hata ikijaa kwa siku kadhaa, au kwa miamala ya kila siku peke yake. Jibu hilo ndilo linaloamua. Kisha pima: tofauti ya 200,600 kwa milioni 60 ni asilimia 0.33. Ikiwa kununua yote kwa mkupuo kutapandisha bei kwa asilimia 2, gawa bila kujuta. Ikiwa hisa yenyewe ina wauzaji wengi, kama zilivyo mara nyingi CRDB na NMB, usigawe.

Kwa mwenye chini ya milioni 10 suala la ngazi halimhusu, asilimia ni ileile hata akigawa. Kwake kinachouma ni ada za kutuma fedha. Ada za simu hupangwa kwa madaraja, kwa hiyo kutuma 50,000 mara nne huwa ghali kuliko 200,000 mara moja. Kusanya kwanza, utume mara moja. Na fedha ya mauzo iombe iingie akaunti ya benki moja kwa moja. Kuitoa taslimu kwa wakala kisha kuirudisha kwenye simu wiki ijayo ni kulipa mara mbili kwa kazi isiyokuwepo.

Siku tatu za malipo

Muamala wa hisa DSE unakamilika siku ya tatu ya kazi baada ya mauziano. Ukiuza Alhamisi, hesabu Ijumaa, Jumatatu, Jumanne. Fedha haiko kwako kabla ya hapo, na hisa ulizonunua hazijaingia kwenye akaunti yako ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki inayotunza hisa zako, kabla ya hapo.

Makosa mawili huzaliwa hapa. Moja ni kuuza hisa hii huku umeshaweka oda ya ile, ukitegemea fedha ambayo haijafika. Wengine huziba pengo hilo kwa mkopo wa simu. Ada ya mkopo huo kwa siku chache inaweza kuzidi kamisheni nzima, na ikifika sikukuu katikati, siku zinaongezeka. Weka akiba ndogo pembeni kwa ajili hiyo, au ngoja fedha iingie.

La pili ni kukimbilia gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa. Ili jina lako liwe kwenye daftari la wanahisa siku linapofungwa, ununuzi uwe umekamilika, kwa hiyo nunua mapema kuliko siku tatu za kazi. Lakini kwanza fanya hesabu. Hisa ya 1,000 yenye gawio la 60: kodi ya zuio kwa kampuni zilizoorodheshwa DSE ni asilimia 5, unabaki na 57. Ukinunua kwa ajili hiyo tu na kuuza baadaye, makato ya kwenda na kurudi ni kama 47. Zimebaki 10, na bei ya hisa kwa kawaida hushuka baada ya daftari kufungwa. Gawio ni la anayekaa na hisa. Anayepita njia tu anaishia kuwalipa wengine kamisheni.

Daftari la gharama

Nunua daftari la kawaida, uchore safu sita: tarehe, jina la hisa na idadi, bei uliyoiona ulipoamua, wastani wa bei uliyopata, makato yote, ada ya kutuma fedha. Safu ya tatu ndiyo ambayo karibu kila mtu huiacha, na bila hiyo huwezi kujua haraka yako inakugharimu nini.

Kwa mfano wa juu, aliyenunua kwa pupa ataandika: bei ya uamuzi 1,500, bei aliyopata 1,550, makato 36,673. Tofauti ya bei ni 50,000, jumla ya gharama 86,673, sawa na asilimia 5.8 ya fedha aliyokusudia. Aliyengoja ataandika 1,508 na makato 35,679. Jumla 43,679, asilimia 2.9. Ni hisa zilezile, wiki ileile.

Baada ya miamala kumi, jumlisha. Kama tofauti ya bei imezidi makato, dawa iko kwenye namna unavyoweka oda, na kubadilisha dalali hakutakusaidia. Kama makato ndiyo makubwa, unazunguka mno.

Vitu vidogo vinavyokula fedha

Mtandao ukisuasua, usibonyeze mara ya pili. Fungua orodha ya oda zako kwanza uone kama ya kwanza imeingia. Oda mbili zikijaa zote, kuirekebisha moja ni mzunguko kamili wa makato. Soma sifuri kwa sauti kabla ya kuthibitisha, kwa sababu 1,500 na 15,000 zinafanana kwenye kioo kidogo chenye jua.

Hakikisha jina kwenye kitambulisho cha NIDA, akaunti ya benki na CDS linaandikwa sawasawa. Herufi moja ikipishana, malipo ya mauzo yanaweza kukwama wakati ambao unayahitaji.

Kama una akaunti mbili za CDS ulizofungua kwa nyakati tofauti, omba ziunganishwe kabla ya kuuza. Na wazee wenye karatasi za zamani za umiliki, wengine wamezitunza kabatini tangu kampuni ziorodheshwe, wazipeleke kwa dalali zihakikiwe na kuingizwa kwenye CDS sasa hivi soko likiwa limetulia. Uhakiki huo huchukua siku, na anayeuanza siku bei imepanda mara nyingi huumaliza bei ikiwa imesharudi chini.